Vichujio vya Mzee Nyamweya

Mzee Nyamweya alipopooza mkono wa kuume, wanawe walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni ya Wasabato upande wa Nyamache, naye akawatukana njia nzima. Ulimi haukupooza.

Kazi ya kuuamsha ule mkono ilimwangukia Persis, mama mcheshi aliyewekwa wodini kuwashughulisha wazee: wasuke, wafinyange udongo, wabambue maharagwe, mradi vidole visilale. Akampa Nyamweya ukindu asuke kikapu.

"Kikapu?" mzee akafoka. "Mimi mwenye wake watatu?"

"Basi suka unachotaka, Tata," Persis akamjibu, kama binti kwa baba.

"Ninachotaka mimi, nyinyi Wasabato hamkitaki."

Persis akainama, mzee akamnong'oneza. Alitaka kusuka vile vichujio vyembamba kama kidole cha mtoto, vinavyovikwa ncha ya mrija wa kunywea pombe ya wimbi ili makapi yasipande. Hiyo, alisema, ndiyo kazi ya mwanamume.

Kwa Wasabato pombe ni mwiko, na Persis alijua angeweza kufukuzwa. Lakini aliona pia kwamba mzee alipokuwa akieleza, vile vidole vilivyokufa vilijikunja vyenyewe juu ya blanketi. Kesho yake akamletea nyuzi.

Kichujio cha kwanza kilitoka kama kiota kilichokanyagwa na ng'ombe. Mzee akakilaani, akaanza kingine. Wiki zikapita, vidole vikanyooka, na vichujio vikawa vizuri hata Sista, muuguzi mkuu, Mzungu aliyependa kujua kila kitu, akauliza ni vya nini.

"Vya kuchujia dawa ya kikohozi, Sista," Persis akajibu bila kupepesa jicho.

Sista akafurahi mno. Siku ya wageni alivipanga kwenye meza ya wodini juu ya kitambaa cheupe.

Pasta Josiah, aliyekuja kuifungua siku hiyo kwa sala, akachukua kimoja. Akakigeuzageuza, akakijaribu kwenye ncha ya kalamu yake, na kabla hajajizuia akakipeleka mdomoni. Akagutuka. Nyamweya alikuwa akimtazama kutoka kitandani, ametabasamu hadi magego.

"Unavijua, Pasta?" Sista akauliza.

Pasta akakirudisha mezani polepole. "Ni vya dawa," akasema. "Dawa ya zamani."

Persis akakimbilia stoo, akajiziba mdomo kwa aproni.

Wiki hiyohiyo Sista akaamuru wazee wote wafundishwe ufundi huo. Nyamweya akawa mwalimu, akiwagombeza wenzake kutwa, na wodi nzima ikasuka kwa bidii ambayo vikapu havikuwahi kuipata.

Kemuma, mke wake mkubwa, alipokuja kumchukua, alimkuta amevaa koti na kulifunga vifungo mwenyewe. Mlangoni mzee akampa Persis mkono wa kuume, akaubana.

"Polepole, Tata, unaniumiza!"

"Si wewe uliyeutaka?" akasema, akazidi kubana.