Mama Makali na Fahali Mweusi

Machinjioni walimwita Mama Makali, na jina hilo hakulipata kwa upole. Alipokuwa bado bi harusi, mumewe alimzaba kofi mbele ya wateja wa bucha. Hakulia. Alinyanyua shoka la kukatia mifupa akalikita kwenye gogo, kando kabisa ya vidole vya bwana. "Pigo la pili halitakosa," akamwambia. Hakupigwa tena mpaka mume anaingia kaburini. Akabaki na bucha, mtoto mmoja wa kiume na kamba ya kuangushia ng'ombe, akachinja hadi nywele zikawa nyeupe pe.

Uzeeni kisu kikamteleza, kikampasua kiganja mfupa ukachungulia. Mwanawe, jitu zima la mabega mapana, akapata pa kuanzia.

"Mama, umezeeka. Kaa pale bombani uoshe matumbo."

"Matumbo nioshe mimi?"

"Unataka ufie humu ndani, watu wanisemeje?"

Visu vyake vikatiwa kwenye gunia, gunia likafichwa. Mwanzoni alibisha, tena kwa matusi. Halafu, na hili ndilo baya zaidi, akaanza kumwamini mwanawe. Akawa anamwita mkwewe, mke wa mwanawe, amfungulie hata kopo la mafuta. Kitu kimoja tu hakukiacha: kila jioni alifunga na kufungua kamba yake kwenye miguu ya kitanda, na asubuhi aliivaa kiunoni kama mkanda.

"Mama, kitanda hakitoroki," mkwewe alikuwa akimcheka.

"Siku kikitoroka utaniita."

Basi akaletwa fahali mweusi, shingo kama pipa. Mwanawe akamfunga pembe kwenye pete ya ukutani, kisha akaanza kumchapa fimbo ili ageuke.

"Unamtia wazimu!" Mama Makali akapaza sauti. "Mfunge kiuno kwanza, atalala mwenyewe!"

"Osha matumbo, mama!"

Kamba ya pembe ikakatika. Fahali akamzoa mwana huyo kama furushi, akambamiza ukutani, mbavu zikalia. Pembe ikazama pajani, ikatoka na nyama, ikarudi tena. Wachinjaji wakaparamia ukuta, wanaume wazima wakaning'inia juu kama nguo za kuanika.

Umezeeka, umezeeka, neno likamgonga bibi kichwani. Lakini mikono haikungoja ruhusa. Kamba yake ilikwishatoka kiunoni, tanzi likaruka likanasa pembe. Fahali alikuwa bado anamsaga kijana wake ukutani. Bibi akamrushia kamba mgongoni, akainama chini ya tumbo akaidaka, akambana kifua. Teke likamkuta nyonga, akaanguka kwenye damu. Akanyanyuka kwa magoti, akamzungushia tena, safari hii kiunoni.

"Shukeni, mavi ya kuku nyie! Vuteni kwa nyuma!"

Wawili wakaruka chini, wakavuta. Kamba ikabana kifua na kiuno kwa pamoja, magoti ya fahali yakakunjika, akalala chini kama aliyeombwa. Mama Makali akaokota kisu cha mwanawe sakafuni, akapitisha mara moja tu. Damu ikamrukia usoni.

Akavua kilemba, akakishindilia kwenye tundu la paja la mwanawe.

"Mama..."

"Funga mdomo, unavuja."

Baada ya kushonwa, mwanawe alilazwa nyumbani, mbavu zimefungwa bandeji. Akamwonyesha mkewe kwa kidole: chini ya kitanda. Gunia likavutwa, Mama Makali akalifungua. Visu vyote vimeota kutu.

"Mimi uliniweka bombani, haya. Visu vilikukosea nini?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda na jiwe la kunolea, akanoa mpaka mgonjwa akaomba usingizi. Kesho yake Mama Makali alichechemea hadi mlangoni, nyonga imevimba, gunia begani.

"Nani ataosha matumbo?" mwanawe akauliza kwa sauti ya chini.

"Pona upesi," akamjibu. "Bombani pana nafasi."