Sauti Yangu Kwenye Simu za Watu

Siku waliyompiga shemeji yangu, mume wa dada, walikuwa wanampiga huku wakinisikiliza mimi. Naandika kama nilivyoona, ingawa mimi ni wa darasa la saba tu na huenda mengine sikuyaona sawasawa.

Kwetu, kaskazini ya Lindi mjini, wanawake tunalima mwani. Kampuni inatupa kamba, na shemeji ndiye wakala wake, anapima na kununua. Mwaka ule rasimu ya sheria ndogo ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata: aliyepewa kamba na kampuni asiuze mwani kwingine, akiuza atozwe faini au afungwe. Hubandikwa ili mwenye kupinga apinge. Sasa nani huenda kusoma ubao? Nikasimama pale na simu, nikaisoma yote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, nikatuma kwenye kundi letu la mtandaoni. Mwishoni nikaongeza kwamba madiwani walilishwa na kampuni siku waliyoijadili. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Pilau nilipika mimi.

Sauti ile ilifika mpaka Kilwa Masoko, ikanirudia kutoka kwa watu nisiowajua.

Bamvua lililofuata, maji yametoka, tukakuta vijana wa kampuni wanakata kamba zetu kwa mapanga. Bibi mmoja, jirani yangu shambani, akamshika mmoja mkono. Akapigwa ubapa wa panga mdomoni. Aliyatema meno mawili kiganjani, akayatazama. Shemeji alikuwa juu kwenye banda la mizani. Sikumsikia akiwatuma. Sikumsikia akiwakataza pia.

Vijana wakakimbilia mikokoni. Shemeji akashuka mbio, na wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakamzunguka.

"Wakala! Leo utapima damu!"

"Jamani, hao mimi siwajui..."

"Huwajui? Na pilau huijui?"

Walishika vigingi vyetu vya mwani, ambavyo tunavichonga ncha ili vizame mchangani. Cha kwanza kilimpata begani. Cha pili usoni. Akaanguka kwenye maji ya magotini, wakamkanyaga, akainuka, wakamrudisha chini. Mmoja wao alikuwa na simu mfukoni mwa shati, spika juu kabisa: "Kifungu cha nne. Mtu yeyote atakayekiuka..." Sauti yangu, imetulia kama ya mwalimu.

Nikapiga kelele, "Mwacheni! Hakuitunga yeye!"

Mtu akanijibu bila kugeuka, "Tulia, mama, tunakusikia."

Dada alikuja akamlalia mumewe, naye akapata kigingi cha mgongo. Ndipo wakaacha. Tulimpakia kwenye bodaboda, dada nyuma amemkumbatia, damu njia nzima, wakapita Mitwero hadi hospitali. Jicho la kushoto halikupona.

Rasimu ikaondolewa. Madiwani walisema wamesikia malalamiko. Labda walisikia, labda waliogopa vigingi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Ile sheria ingetunyonga.

Lakini kundini picha ya shemeji, uso umevimba, ikawa inasambazwa pamoja na sauti yangu, kwamba ndiye aliyewahonga madiwani. Wakaapa akirudi kijijini watalimalizia jicho la pili.

"Wewe ndiye wanayekusikia, mdogo wangu," dada akaniambia. "Sema."

Nikarekodi. Nikasema siku ya pilau hakuwepo, nilipakua mwenyewe na sahani yake haikuwepo. Rasimu ililetwa na mabwana kutoka Dar. Waliokata kamba sijui aliyewatuma. Siku ile sikumsikia akiwakataza.

"Hilo la mwisho lifute."

"Dada, ni kweli."

"Watamuua kwa hiyo kweli yako!"

Niliisikiliza rekodi tena tangu mwanzo. Nikifuta hilo, je, yale mengine nitayasema kwa uso gani? Nikatuma kama ilivyo.

Jibu la kwanza likaja: "Umelipwa ngapi?" Mwingine akaandika: "Kumbe hakukataza! Aje." Dada akaanza kulia.

Kisha ikaingia sauti ya yule bibi, maneno yanapita kwenye pengo: "Meno ni yangu, si yenu. Nikitaka kisasi nitauma mwenyewe, kwa haya yaliyobaki. Mwacheni arudi."

Akarudi. Hajaguswa. Anapita kwangu, namwamkia, anaitikia akinigeuzia upande wa jicho zima. Dada hapiti.