Mafundo ya Mama Njeri

Harufu ya rangi ya kucha hunirudisha Bellevue, mtaa wa Johannesburg nilikokulia. Mwezi uliopita nilikuwa saluni pale Randburg, dada mmoja wa Kizimbabwe ananitengeneza kucha. Akafungua kichupa cha ile rangi ya kung'arisha, na kabla hajanigusa kidole nikawa tayari nina miaka tisa, nimechuchumaa nje ya mlango wa watu, jicho kwenye tundu la ufunguo. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema hapana. Ningeanzaje kumweleza?

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya matofali mekundu, dari zake za bati lenye nakshi za maua. Ilikuwa imegawanywa kwa mbao mpaka ikapata vyumba saba. Mama ndiye aliyeikodi nzima na kupangisha vyumba. Yeye na baba walitoka Tanga kabla sijazaliwa. Baba aliendesha malori ya Zambia, tukimwona wikiendi mbili kwa mwezi, akinuka dizeli na machungwa. Kwenye chumba kilichopakana na chetu alikaa Shangazi Rukia, dada yake baba, aliyekaanga maandazi ya kuuza na kujua habari za mtaa kabla hazijatokea.

Chumba cha mwisho, chenye dirisha kubwa la kuelekea uani, akapewa Mama Njeri. Alikuwa Mkenya wa milimani huko Nyeri, mama wa makamo anayeelekea uzeeni, miwani yake minene kama kitako cha glasi, vifundo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Alikuja na begi moja, sanduku la mbao, na kibanio cha chuma ambacho alikifunga ukingoni mwa meza siku hiyo hiyo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alimwambia akimkabidhi ufunguo.

Mwezi haukuisha, mama akaanza kukohoa.

Niwaambie ukweli, kumshuku Mama Njeri sikukuanzisha mimi. Nilifundishwa, kama nilivyofundishwa kuosha vyombo. Shangazi aliniketisha jikoni, unga umemfika viwikoni, akawa anazungumza kana kwamba anazungumza na mafuta yaliyo kwenye karai.

"Eti anatengeneza chambo. Manyoya ya jogoo, nywele za sijui mnyama gani, vyote vimefungwafungwa kwenye ndoana. Mimi nimekula samaki tangu sijaota meno. Samaki gani anayekula manyoya?"

"Maybe samaki wa huku," nilijibu, kwa Kiswahili changu cha kuungaunga.

"Huku kuna bahari?"

Nikafikiri. Johannesburg haina bahari. Haina hata mto wa kueleweka.

"Lisemwalo lipo," akasema Shangazi, "kama halipo laja."

Mama alinieleza mambo yalivyo. Kwao Mama Njeri kulikuwa na karakana ambako wanawake walikaa kwa safu wakitengeneza nzi wa bandia wa kuvulia samaki wa mito ya baridi, na nzi hao waliuzwa ng'ambo. Aliifanya kazi hiyo ujana wake wote, mpaka vidole vikakakamaa na macho yakapungua. Sasa duka moja la vifaa vya uvuvi huko Randburg lilimchukua kila Jumamosi awafundishe wazee wenye mikono na macho kama yake namna ya kufunga mafundo bila taabu. Wale walioshindwa kabisa, aliwafungia yeye mapema: ndoana, kipande cha uzi wa nailoni, na kitanzi mwishoni, ili mzee akifika mtoni apachike kitanzi ndani ya kitanzi, basi.

Mama alinieleza yote hayo. Sikuamini hata neno moja. Nani anahitaji mwalimu wa kufunga fundo?

Ndipo nikaanza kuchungulia. Jioni, jua likiwa bado dirishani, Mama Njeri alitandika kitambaa cheupe mapajani ili uzi uonekane. Ndoana aliichomeka kwenye kizibo. Uzi hakuushika kwa vidole. Aliushika kwa kijikoleo chembamba kama cha daktari, akakizungusha, midomo ikicheza: imwe, igiri, ithatu, inya, ithano. Leo najua alikuwa akihesabu mizunguko kwa Kikuyu, moja mpaka tano. Siku zile sikujua. Kisha alilipeleka lile fundo mdomoni, akalilowesha kwa mate, akalivuta taratibu mpaka likakaza. Mwisho alilidondoshea tone la rangi ya kucha na kulipuliza. Fuu. Fuu. Fuu.

Mtoto aliyesoma madrasa hahitaji kuambiwa zaidi. Tulikuwa tumekwisha kuhifadhi ile sura fupi ya kujikinga, na Ustadh alikuwa ametueleza kwamba duniani wako wanaofanya vitimbi kwa kufunga mafundo na kuyapulizia, na mtu aliyefungiwa hudhoofika bila sababu. Nilinyoosha mkono nikauliza dawa yake ni nini.

"Dua," akasema Ustadh. "Na fundo likipatikana, lifunguliwe."

Jioni moja mlango ulifunguka nikiwa bado nimeinama. Nikaona sketi yake mbele ya pua yangu.

"Kuja ndani, Saumu," akasema. "Hiyo shimo ni ndogo, utaumiza jicho."

Nikaingia kwa sababu miguu ilikataa kukimbia. Akanipa kamba nene nyekundu na pete ya funguo. "Unaanza na kitu kubwa. Ukishajua njia, hata macho yakikataa, vidole vitaona." Nilizungusha mara tano kama alivyoonyesha, nikapitisha ncha. Fundo likakaa vizuri, na kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha akasema, "Sasa lowesha. Fundo kavu hujikata lenyewe ukivuta." Akausogeza mkono wangu kuelekea mdomo wangu mwenyewe. Niliitupa ile kamba nikatoka mbio, nikasukutua kwa maji ya chumvi mpaka nikatapika.

Mama alizidi kukonda. Kanga alizozifunga kiunoni zilihitaji kuzungushwa tena. Usiku alitoka jasho mpaka shuka zikaanikwa kila siku, na nilipouliza anaumwa nini, watu wazima walibadilisha mazungumzo. Ndipo nikagundua jambo lililonimaliza nguvu. Kila asubuhi, nikivaa sare za shule, Mama Njeri aliingia chumbani kwa mama akiwa na kitu kwenye kiganja. Aliusukuma mlango nyuma yake. Nilichungulia. Alisimama kando ya kitanda akimtazama mama akimeza, na hakutoka mpaka mama alipofungua kinywa kumwonyesha kwamba kimeshuka. Kisha akaandika alama kwenye karatasi.

Nikamwambia Shangazi. Aliacha andazi likaungua kwenye karai.

"Usimwambie baba yako kwenye simu," akasema mwisho. "Yuko barabarani, atapata ajali."

Kwa hiyo ikawa kazi yangu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mama Njeri alikwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate. Mlango wake hakuufunga kwa ufunguo, na hilo lilipaswa kunifikirisha: mchawi gani huacha mlango wazi? Niliingia na mkasi wa Shangazi. Ndani ya sanduku kulikuwa na vijifuko vilivyopangwa, na katika kimojawapo nywele nyeusi, laini, ndefu. Nilizitambua mara moja kuwa za mama. Zilikuwa za mbuzi, lakini nani angenishawishi?

Nyuzi zilizokuwa tayari zilining'inia kwenye ubao, safu kwa safu, kila moja na nzi wake mdogo wa kahawia au kijani, kila moja na kitanzi chake. Nikaanza kufungua kwa kucha. Mafundo hayakukubali; fundo la Mama Njeri halikuwa la kufunguka. Nikachukua mkasi. Nikasoma sura yangu na kukata, nikasoma na kukata. Nililia, maana nilidhani kila nikikata huenda kitu kitanirukia. Ndoana ikanichoma kidole gumba, damu ikatoka, nikadhani ndicho kimenirukia. Niliendelea mpaka ubao ukabaki mtupu na sakafu ikajaa vipande vya nailoni vinavyong'aa juani.

Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni, mkate umening'inia mkononi ndani ya mfuko.

Sijui alisimama pale muda gani. Aliangalia sakafu, akaangalia ubao, akaangalia mkasi. Kisha akanitazama usoni, na alihitaji kusogea karibu ili anione vizuri. Kwa vidole vile, kazi ile ilikuwa ya wiki tatu, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

"Haya mafundo ni ya mama," nikasema. "I know ni ya mama."

Alikaa kitandani polepole. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Umekata ngapi?"

"Zote."

"Hakuna hata moja imebaki?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea hesabu iliyo sawa.

"Basi mama yako atapona," akasema. "Enda ulale."

Akanifunga kidole kwa kitambaa, akanipa kipande cha mkate. Kesho yake nilimwona kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, amebeba sanduku tupu, akisubiri teksi ya kumpeleka Randburg.

Na mama akapona. Ndani ya wiki ile kikohozi kikapungua, wiki iliyofuata akakaa barazani, akaomba samaki wa kukaanga. Mimi nilitembea mtaani nimetanua kifua. Nilikuwa nimemshinda mchawi, na mchawi mwenyewe alikiri kwa kinywa chake. Niliwasimulia wenzangu madrasa. Nilimsimulia Shangazi, naye akawasimulia wanunuzi wa maandazi. Habari ikavuka barabara, ikabadilisha lugha mara mbili tatu, na ikaongezewa vitu ambavyo hata mimi sikuvisema.

Watu wakaacha kumsalimu Mama Njeri. Mtu akamwaga maji machafu mlangoni kwake. Kisha mchana mmoja vijana wawili tusiowajua wakasimama getini wakauliza kwa Kizulu, bila haraka, umthakathi anakaa chumba gani. Mama, ambaye alikuwa bado hajapata nguvu, akaenda kushika geti kwa mikono miwili akawaambia hapa hakuna mchawi, kuna mgonjwa, na mgonjwa ni yeye. Waliondoka, lakini walisema watarudi. Asubuhi iliyofuata Mama Njeri alipakia vitu vyake kwenye bakkie, pikapu ya jirani. Mama alimshika mkono dirishani mpaka gari likaanza kutembea, na nilishangaa sana, nikadhani uchawi haujamtoka wote.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni mama aliniambia alichokuwa akiumwa. Kifua kikuu. Alificha kwa sababu wapangaji wangekimbia, na kwa sababu watu wa mtaa walikuwa tayari wanasema sisi wageni ndio tunaoleta magonjwa. Kliniki ilimtaka awe na mtu wa kumsimamia ameze vidonge kila siku kwa miezi sita na kuweka alama kwenye kadi. Shangazi hakuaminika kwa siri. Alimwomba Mama Njeri, aliyekuwa na miezi miwili tu nyumbani kwetu.

"Alipoondoka nilikuwa sijafika nusu ya dozi," mama akasema. "Alinipigia simu kila asubuhi mpaka nikamaliza. Kisha namba yake ikaacha kupatikana."

Nilimweleza kuhusu mkasi. Alijua. Alijua siku zote, ila sehemu moja tu Mama Njeri hakumwambia: maneno aliyonijibu.

Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi. Angeweza kusema, hizi ni za samaki, mtoto mjinga wewe. Angeweza kuniburuta hadi kwa mama, na nilistahili. Lakini aliona mtoto mwenye damu kidoleni anayeamini mama yake anakufa. Siri ya vidonge haikuwa yake kuitoa. Akachukua jibu pekee lililombakia, akakubali kuwa mchawi kwa jioni moja. Alinipa uwongo ule ili nipate usingizi. Nililala vizuri, na mama alipopata nafuu nikaubeba nikaupeleka madrasa.