Namba ya Sikukuu

Aling Ditas, 'aling' kwetu ni kama 'mama', ana duka pale mwanzo wa mtaa wetu, na ukutani kuna lile boksi la waifai: unatumbukiza sarafu ya piso moja, unapata dakika zako, unakaa kwenye benchi. Mtaa mzima umekulia kwenye hilo benchi. Hata mbwa wanajua waifai inaishia wapi.

Na ndiye aliyewafungulia watu akaunti za pesa za simu. Watu arobaini na tatu! Mwanzoni kila mzee alijichagulia namba yake ya siri, na kila mzee akaisahau, na kusahau maana yake ni kwenda mjini kupanga foleni juani nje ya ofisi ya kampuni mpaka njaa ikuume. Msindikizaji alikuwa Aling Ditas huyohuyo, miaka sitini na moja, magoti mabovu. Akachoka. Akaanza kuwapa namba yeye mwenyewe: sifuri tano moja tano. Yaani Mei kumi na tano, sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa mtaa wetu.

"Atakayesahau siku hiyo," alisema, "tumzike tu."

Miaka minne hakuna aliyesahau. Alijisifia sana, na si bure.

Basi, wiki moja kabla ya sikukuu, Lolo Usting akaibiwa simu sokoni mjini. Lolo, yaani babu, anakaa nyumba ya bluu, anasubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, na pesa ya jicho ilikuwa humohumo kwenye simu, imetumwa na binti yake kutoka Qatar. Akakimbilia ofisini. Wakaifunga akaunti, lakini ilishakauka. Akarudi dukani kwa miguu, hana hata nauli.

"Ulimtajia mtu namba?" Aling Ditas akamuuliza.

"Nimtajie nani? Uliniambia nisimtajie hata padri."

Hapohapo akaingia Nonoy, dereva wa bajaji, macho kwenye simu. "Lolo, mbona unanisumbua kwenye grupu la mtaa? Eti Aling Ditas anarekebisha akaunti, kila mtu akutumie zile namba sita za kuthibitisha, zinazokuja kwa meseji ya kampuni. Zangu zimeingia sasa hivi, nikusomee?"

Lolo akamwonyesha mikono mitupu. "Nikuandikie kwa kitu gani, kwa kucha?"

Wakatazamana. Mwizi alikuwa ndani ya grupu, kavaa jina la Lolo, anajaribu akaunti moja baada ya nyingine. Lakini namba ya siri kaijuaje? Lolo akageuka kutafuta maji, na Nonoy akauona mgongo wake: fulana ya sikukuu, ileile aliyoivaa sokoni, imeandikwa SAN ISIDRO, MEI 15, kwa herufi kubwa kama sahani.

Nonoy akaanza kucheka. Halafu akakumbuka namba yake mwenyewe, kicheko kikafa.

Na Jumamosi hiyo, watoto wote walioko ng'ambo wangetuma pesa za sikukuu.

Aling Ditas akashika simu aandike kwenye grupu. "Huko mwizi naye yumo, Aling," Nonoy akasema. "Utamwambia aharakishe."

Angeweza kupita nyumba kwa nyumba, kimyakimya, na jina lake lingebaki safi. Lakini magoti yasingemfikisha hata nusu. Akaenda uwanja wa mpira wa kikapu, watu walikokuwa wanaijaribu mashine ya karaoke, akamnyang'anya mtu maiki katikati ya wimbo.

"Mimi Ditas. Nani namba yake ni sifuri tano moja tano? Nyoosheni mikono."

Wakainama! Kama wote wamevuliwa nguo. Mkono mmoja ukapanda, kumi, uwanja mzima.

"Na wewe?" akasema Aling Bebang, muuza samaki, akimkodolea mumewe. "Miaka minne nimekuficha!"

"Mimi je? Nilidhani ni yangu peke yangu!"

"Wote niliwapa mimi," Aling Ditas akasema. "Pesa ya jicho la Lolo imeondoka kwa sababu yangu. Badilisheni sasa hivi, msimtumie mtu namba yoyote, na mimi msinionyeshe."

Akawapa mgongo, maiki bado mkononi, mpaka wote wakamaliza. Aliyekuwa ameshatuma zile namba sita ni mmoja tu, mwalimu wa hesabu, na mpaka leo wanafunzi wake hawamwachi apumue.

Upasuaji wa jicho la Lolo umesogezwa hadi Desemba. Binti yake ameanza kutuma upya, na wiki iliyopita Lolo akasahau namba yake mpya. Aling Ditas alisimama naye kwenye foleni asubuhi nzima, amemshikia mwavuli, anayasonya magoti yake. Walipofika dirishani, dada wa ofisi akamwambia Lolo aweke namba nyingine. Lolo akamgeukia Ditas.

"Usiniangalie mimi," Aling Ditas akasema, akatazama dari.