Kidude cha Ghalani na Poti Zilizofungwa

Msimu ule nilimshawishi mama asipeleke korosho zake kwenye mnada wa kwanza. Bei haikunipendeza, nikamwambia asubiri, nami nitazilinda nikiwa chuoni Nachingwea. Alicheka sana, ila akakubali. Kwetu ni Matambarale, upande wa Ruangwa, na ghala letu ni chumba cha bati chenye kidirisha kimoja. Kabla ya kuondoka nilitundika humo kidude nilichokiunda mwenyewe, chenye laini ya simu na sola ndogo, cha kupima unyevu na kutuma namba mtandaoni. Mvua zilikuwa zinakaribia. Korosho zikiota ukungu zinashuka daraja, na lawama zote zingekuwa zangu.

Chuoni nikafungua kompyuta ya maabara nione namba za kidude, nikakuta patupu. Kumpigia mama ningeweza, na nilimpigia kwa kiswaswadu changu kisichojua mtandao, ila mama kwenye simu ni mtu wa "salama tu". Ukimuuliza mvua, salama tu. Ukimuuliza korosho, salama tu.

Nilikuwa na wasiwasi, lakini udadisi ndio ulionikalisha pale maabara hadi nikakosa ugali wa mchana. Kompyuta huzungumza kupitia milango yenye namba, inaitwa poti, na kila aina ya mazungumzo ina poti yake. Nilijaribu ile ya kidude changu. Haikunikatalia. Ingenikatalia ningeelewa, maana kukataliwa nako ni jibu. Ilinyamaza tu, mpaka programu ikachoka kusubiri. Nikajaribu poti ya kurasa za kawaida, ikajibu papo hapo. Nikajaribu nyingine, na nyingine: kimya kilekile. Nilifurahi ajabu. Kimya cha namna ile hakiji chenyewe. Kulikuwa na mtu njiani anayemeza maneno yangu makusudi.

Mtu huyo alikuwa mwalimu anayesimamia mtandao wa chuo. Nilimkuta ofisini kwake anamenya chungwa.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, kuna poti zimefungwa?"

"Marahaba. Nimezifunga mimi. Mnashusha muvi na mechi mpaka ofisi zinashindwa kutuma hata barua pepe. Wewe unataka kushusha nini?"

"Unyevu wa korosho za mama."

Akaliweka chungwa chini. Kumbe kwao ni Marambo, na mikorosho wanayo. Poti hakuifungua, alisema akinifungulia mimi, kesho bweni zima litakuwa mlangoni kwake. Ila akanivutia kiti, akasema mazungumzo yale yanaweza kupitishwa kwenye poti ya kurasa za kawaida, tujaribu pamoja. Tulikosea, tukabishana, tukakosea tena, na nadhani yeye alifurahi kuliko mimi. Mwishowe namba ikatokea. Tuliitazama wote wawili, tukaacha kucheka. Ilikuwa namba ya ghala lililoingia maji.

Nilitoka nje mbio nikimpigia mama.

"Mama, ghala linavuja! Korosho zimelowa!"

"Nani kakudanganya? Nimetoka kuzishika sasa hivi, kavu, zinalia kwenye gunia."

"Kidude kinasema unyevu umezidi."

"Aa, kule ghalani nimekitoa. Bati lile mchana linawaka moto, nikasema mwanangu ataungua. Nimekuweka huku jikoni, pembeni ya mtungi, pana ubaridi mzuri."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi. Korosho zilikuwa nzima, na mashine yangu ilikuwa imepima mtungi wa maji kwa uaminifu mkubwa. Nikaanza kumweleza kwamba akirudishe ghalani, kwamba hakiungui. Kisha neno lake moja likanirudia.

"Mama, umesema umeniweka?"

"Si wewe unasikiliza humo?"

"Hapana, mama. Kinapima hewa tu. Hakina sikio."

Nilidhani salio limeisha, nikaitazama simu. Bado alikuwepo.

"Sasa yale ninayokuambia kila asubuhi," akasema, "yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, ananiuliza kwa mkono, vipi korosho? Nikamwonyesha dole gumba, nikampa kisogo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

"Hayakunifika, mama," nikamwambia. "Yaanze upya."

Kipindi cha alasiri kilishaanza. Mama akakohoa kidogo, akaanza na habari ya kuku.