Nilivyototolesha mayai ya kuchi wa mama mkwe kwa kipimajoto cha homa

Wakuu, habari za humu.

Kisa hiki nakiandika mke wangu akiwa amekaa pembeni, anasoma kila mstari. Kwa hiyo chumvi sitaongeza, hata ningetaka.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Somanga. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, jirani na wanaowauzia abiria samaki wa kukaanga. Mke wangu, Rukia, ni muuguzi kwenye zahanati. Binti yetu Nasra yuko bweni, nyumbani tumebaki wawili.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, anakaa Kipatimu. Ana mashamba, lakini anachojivunia ni kuchi. Wale kuku warefu, shingo kama wanachungulia uani kwa jirani. Mbegu yenyewe aliachiwa na marehemu mama yake.

Sasa jogoo wake akafa. Aligongwa na bodaboda. Kwa maelezo ya walioshuhudia, bodaboda alipiga honi mara tatu na jogoo hakuona sababu ya kupisha.

Jogoo alikuwa huyo huyo mmoja. Wakabaki mitetea watatu.

Kwa wasiofuga: mtetea akishapandwa, anaendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku kadhaa hata kama jogoo hayupo. Baada ya hapo, basi. Mama akakusanya mayai ya siku zile, yakafika ishirini na mawili. Asipotoka jogoo humo, mbegu ya mama yake imekatika.

Mpango wake ulikuwa ayaweke chini ya kuku wa kienyeji wa jirani, maana kuchi ni wazito, wakiatamia wanavunja. Mpango mzuri kabisa. Haukuwa na tatizo lolote.

Tatizo nikawa mimi.

Nilimpigia simu. "Shikamoo mama. Mayai hayo nitumie huku, natengeneza mashine ya kutotolesha."

"Marahaba mwanangu. Kuku wa jirani tayari ameshaanza kulalia."

"Kuku huyo si wa kumtegemea mama. Ananyanyuka, anakwenda kula, anapiga soga na wenzake, mayai yanapoa. Mashine hainyanyuki."

Akauliza, "Wewe ulishawahi kutotolesha?"

Nikamjibu kwamba joto ni umeme tu, na umeme ndiyo kazi yangu. Wakuu, kuna ugonjwa unatupata sisi mafundi redio. Tukiona waya umeingia kwenye kitu, tunajihesabu tumekisomea.

Mayai yakaja na bodaboda, kwenye ndoo iliyojazwa pumba za mpunga. Ile barabara mnaijua. Hakuna lililopasuka. Mama alikuwa ameyapanga mwenyewe, moja moja, kama anamlaza mtoto.

Mashine niliitengeneza kwa boksi jeupe la kusafirishia samaki, balbu mbili za zamani zile zinazochoma mkono, kifeni cha kompyuta mbovu na bakuli la maji. Nilitoboa matundu pembeni. Thermostat, kile kifaa kinachozima na kuwasha balbu kufuata joto, sikuweka. Nilisema thermostat ni ya watu wasiojiamini.

Kilichobaki ni kipimajoto.

Rukia ana kile cha zamani cha kupimia homa, cha kioo, chenye zebaki. Nikakichukua kwenye kabati. Akaniona.

"Baba Nasra, hicho ni cha watu."

"Joto ni joto, Mama Nasra. Zebaki itajuaje kama hili ni yai au kwapa?"

Akaendelea kupanga nguo zake za kazini. Leo anasema alikuwa amechoka, na kwamba kubishana na mimi ni zamu nyingine ya kazi.

Nilisoma kwamba joto linatakiwa liwe kama 37.5. Nikawasha, nikasubiri, nikachungulia. Kimepanda hadi 37.7 na kimetulia hapo.

Kesho yake, 37.7. Keshokutwa, 37.7.

Siku ya tano umeme ulikatika kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Nikakimbilia kwenye boksi nikiwa nimekata tamaa, nikafungua. 37.7.

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibika kabisa.

Nikaja humu humu kwenye uzi wa ufugaji, nikaweka picha. Nikaandika kwamba boksi langu linatunza joto saa sita bila umeme. Mkanipongeza. Mmoja akaniita injinia. Mwingine akataka nimtumie mchoro, wakati mchoro wenyewe ni boksi la samaki. Kuna mkuu mmoja tu aliyeuliza kwa upole, "Inawezekanaje joto lisishuke hata nukta moja?" Tukamshambulia. Mimi mwenyewe nilimwambia watu kama yeye ndio wanaoturudisha nyuma. Mkuu, kama upo, nakuomba radhi mbele ya wote.

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri nilimpigia mama mkwe kutoa taarifa.

"Leo ngapi, mwanangu?"

"Thelathini na saba nukta saba, mama."

"Alhamdulillah."

Rukia akaniambia kule Kipatimu majirani walianza kumuuliza mama ile namba kama wanavyouliza hali ya mgonjwa. Anawajibu, wanaitikia. Hakuna aliyejua namba hiyo ni ya nini, lakini wote waliona ni nzuri kwa sababu haibadiliki.

Wiki mbili zikapita hivyo.

Siku ya kumi na nne Rukia hakuwepo, alikuwa Kilwa Masoko kwenye semina tangu juzi yake, anarudi siku hiyo alasiri. Mimi nikaamka mwili unauma, viungo vimelegea, kichwa kizito. Nikasema ngoja nijipime. Nikafungua boksi, nikakitoa kipimajoto, nikakibana kwapani.

39.6.

Nikajua hii ni malaria, nitakwenda zahanati baada ya kugeuza mayai. Nikageuza mayai, nikakirudisha kipimajoto mahali pake, nikafunga. Nikakaa kidogo kupumzika.

Baada ya kama saa moja nikachungulia.

39.6.

Wakuu, nilisahau kuumwa. Nilikuwa nimesoma kwamba joto likizidi hivyo kwa muda, kifaranga anafia ndani. Nikachomoa balbu moja.

Nusu saa, 39.6. Nikachomoa ya pili.

39.6.

Hapo nikaanza kutafuta sayansi. Nikakumbuka nilisoma kwamba kifaranga akikua ndani ya yai huanza kutoa joto lake mwenyewe. Nikahitimisha kuwa hawa ni kuchi, damu yao ni moto, wamelipuka wote kwa pamoja. Nikaja humu kuomba msaada. Mkanishauri. Mmoja akasema ondoa mfuniko, mwingine akasema weka feni, mwingine akasema yanyunyizie maji. Mmoja akasema ni husuda, nichome ubani. Hakuna aliyeuliza nimepima na nini. Siwalaumu, na mimi sikusema.

Nilifanya yote isipokuwa ubani, sikuwa nao.

Nikatoa mfuniko. Nikabeba boksi hadi barazani kwenye upepo. Nikawasha feni ya mezani, nikailekeza kwenye mayai. Nikachukua kanga ya Rukia, nikailowesha, nikayafunika. Mimi mwenyewe baridi ilikuwa imenishika hadi meno yanagongana, kwa hiyo nikavaa koti na kujifunika blanketi, nikakaa kwenye mkeka pembeni ya boksi, mchana wa jua kali la Somanga.

Jirani yetu Mama Shaibu, anayeuza samaki, akapita na beseni lake. Akasimama.

"Baba Nasra, kulikoni?"

"Mayai yana joto kali."

Akayatazama mayai chini ya feni na kanga mbichi. Akanitazama mimi ndani ya blanketi.

"Na wewe?"

"Mimi sijambo."

"Haya," akasema, akaenda zake. Baadaye nilisikia alipita zahanati kuulizia kama Rukia amerudi.

Rukia alishuka kwenye gari alasiri. Mama Shaibu alishampokea na habari, kwa hiyo alikuja kwa haraka. Hakunisalimu. Aliweka mkoba chini, akanishika shingo kwa kiganja. Halafu akafunua kanga, akashika yai.

"Mbona haya ya baridi kama yametoka mtungini?"

"Kipimo kinasema 39.6. Kimegoma kushuka toka asubuhi."

Akakichukua, akakisoma kwenye mwanga. Akauliza taratibu, sauti ile anayowaulizia wagonjwa waliokunywa dawa za jirani.

"Leo ulijipima na hiki?"

"Asubuhi."

"Ukakikung'uta?"

"Kukung'uta nini?"

Wakuu, nimeoa muuguzi miaka kumi na sita. Nimemwona akitikisa kile kipimajoto mara elfu kabla ya kumpima mtu. Siku zote nilidhani anakipangusa maji.

Rukia alikitikisa kwa nguvu mara tatu nne, mkono ukipiga hewa. Akakiweka katikati ya mayai, akasubiri, akanionyesha. Zebaki ilikuwa chini kabisa. Haikufika hata 35, namba ya kwanza iliyoandikwa.

"Kipimo cha homa kikipanda hakishuki chenyewe. Kinabaki palepale hadi ukikung'ute," akasema. "Hii thelathini na tisa ni yako wewe."

Nikauliza, "Na ile thelathini na saba nukta saba?"

"Ni joto la siku moja. Labda la dakika moja. Siku nyingine zote hujui yalikuwa na joto gani, wala mimi sijui."

Kusema kweli nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Alikausha mayai kwa taulo, akarudisha balbu zote mbili, akazungushia chupa za maji ya moto, akafunga. Halafu akanishika mkono kunipeleka zahanati. Malaria ilikuwepo. Nikapewa dawa ya mseto na maneno machache kutoka kwa daktari, ambaye Mama Shaibu alishamweleza kila kitu.

Kesho yake Rukia alilipima boksi sawasawa, kipimajoto akikikung'uta kila mara. Mchana lilifika 37 na ushee. Alfajiri lilishuka hadi 35. Yaani kwa wiki mbili mayai ya mama mkwe yalikuwa yanapigwa baridi kila alfajiri, na mimi natangaza ushindi kila adhuhuri. Nikaagiza thermostat na kipimajoto cha kidijitali chenye waya, vikaja na basi la Dar.

Tukayapima mayai kwa tochi ya simu. Kumi na tatu yalikuwa yamekufa. Tisa, mle ndani kilikuwepo kitu kinajisogeza.

Mama mkwe alipopiga nilimwambia, "Yanaendelea vizuri, mama." Rukia alinitazama jicho moja tu. Siku ya pili nikasema, "Tunafuatilia kwa karibu." Siku ya ishirini na moja, siku yenyewe ya kuanguliwa, kimya. Mama akapiga. Nikamwambia mchakato uko hatua za mwisho. Lugha hii sijui niliitoa wapi. Nadhani kwenye redio za wateja.

Siku ya ishirini na nne asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nikasikia mlio ndani ya boksi.

Walitoka watano. Mmoja hakufika jioni. Wakabaki wanne, mmoja wao vidole vimejikunja. Rukia akavinyoosha kwa vijiti vya kiberiti na plasta, kama anavyowafanyia binadamu.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja mwenyewe. Nilimsubiri amalize maji ya kunywa, nikakaa chini mkekani nikamweleza yote. Kipimajoto, namba, feni, kanga. Pia nikamwambia kwamba tangu siku ile ya homa nilikuwa namdanganya.

Aliwatazama wale wanne mmoja mmoja.

"Kuku wa jirani angenifanyia hivi," akasema, "ningemchinja. Wewe nikufanyeje?"

Nikamwongezea maji, akapokea.

"Siku ile ulipokuwa unayapepea, homa yako ilikuwa hiyo hiyo thelathini na tisa?"

"Ndiyo mama."

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi lete boksi la kuwabebea, jua lisije likazidi."

Miezi mitatu baadaye akapiga simu. Mitetea watatu, na yule wa vidole ndiye jogoo. Anatembea upandeupande kidogo, lakini ameshaanza kuwika na kuwakorofisha majirani. Mama aliniambia hivyo kwa ufupi, akaomba kuongea na mwanawe.

Nilichojifunza wakuu. Thermostat wekeni, msiige ujinga wangu. Kipimajoto cha homa kiacheni kabatini. Na kipimo chochote kinachokupa jibu lile lile zuri kila siku, umeme ukiwepo au usiwepo, kitilieni shaka kabla hamjampigia mtu simu kumpa taarifa.

Aliyewahi kuunguza au kugandisha mayai, aseme hapa chini tufarijiane. Wa kunicheka, uwanja ni wenu, Rukia ameshasema atawajibu yeye. Ila kama kuna mtu ana mayai kwenye boksi sasa hivi na kipimo chake kimetulia vizuri, asianze kwa kukomenti. Aende kwanza akakikung'ute.