Mioyo ya vyura ilisimama, Zubeida akapewa deki

Saa mbili na nusu asubuhi, Zubeida Yahya anapiga deki kwenye korido ya maabara ambayo haruhusiwi kuingia.

Mlango unafunguliwa. Muigai, mhudumu wa maabara, anatoka akiwa amebeba kisahani cha kioo kwa mikono miwili. Ndani yake, kwenye maji kiasi cha vijiko viwili, kuna moyo wa chura uliotolewa kifuani dakika kumi zilizopita. Ni mdogo kama punje ya haragwe na bado unapiga.

"Mama Irshad, hebu angalia hii. Inachoka mapema."

Zubeida anaegemeza fimbo ya deki ukutani, anainama, anatazama kwa muda wa pumzi tano au sita. "Inapiga kwa wakati wake lakini nguvu haina. Chumvi yako ya kalisi imenyonya maji tena. Rudisha kwa oveni mpaka saa sita, ndio upime."

Muigai anarudi ndani. Zubeida anakamua kitambaa na kuendelea na sakafu.

Mwandishi huyu alikaa kwenye benchi la wageni la korido hiyo asubuhi mbili. Mara tano aliwaona watu wa maabara wakitoka kumuuliza Zubeida jambo, na mara tano wakarudi ndani na jibu. Hakuna aliyemwambia aingie. Hairuhusiwi. Barua iliyomtoa humo imesema hivyo, na tangu Aprili mwaka huu wa 1996 kazi yake rasmi ni usafi.

Chuo chenyewe kiko nje kidogo ya mji wa Ruiru na kinafundisha wauguzi na matabibu. Jina lake hatulitaji kwa kuwa shauri la Zubeida bado liko mezani. Aibu yake, hata hivyo, haihitaji jina.

Zubeida ana umri wa miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Majengo, Thika. Aliajiriwa hapa mwaka 1979 kama mfagiaji. Fundi wa maabara wa wakati huo, marehemu mzee Zacharia, alimwona akisoma vibandiko vya chupa huku akipangusa rafu, akamfundisha kupima chumvi kwenye mizani. Baada ya miaka miwili alikuwa akitengeneza maji ya moyo peke yake.

Maji ya moyo ndiyo jina wanaloyaita wao. Ni maji ya betri, yaani maji safi yasiyo na chumvi yoyote, yaliyotiwa chumvi za aina kadhaa, kalisi (kalsiamu) ikiwemo, kwa vipimo vidogo sana, ili moyo uliotolewa mwilini udhani bado uko nyumbani na uendelee kupiga. Wanafunzi huutundika kwa uzi kwenye kijiti chepesi, na kila pigo kijiti huchora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi, iliyozungushwa kwenye pipa dogo linalozunguka polepole. Karatasi ikishapakwa vanishi, mchoro hukaa miaka na miaka.

Zubeida aliishia darasa la saba. Muulize, hata hivyo, chumvi inafanya nini ndani ya moyo.

"Fikiria nyumba zetu za Majengo mvua ikinyesha," anasema. "Maji yanapenya chini ya mlango, na mama yuko ndani na beseni anayatoa. Seli ya moyo iko hivyo. Sodiamu iko nyingi nje, inataka kuingia. Potasiamu iko nyingi ndani, inataka kutoroka. Kuna pampu hapo ukutani, inatupa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani, usiku na mchana. Na hiyo kazi si ya bure, inakula chakula. Mama akishindwa na njaa, beseni likianguka, nyumba inajaa."

Na pigo lenyewe?

"Mlango unafunguka ghafla, sodiamu inaingia mbio. Hiyo ndiyo ile cheche. Kalisi inafuata, na kalisi ndiyo inaambia nyama ikunje ngumi. Halafu lazima kalisi iondolewe, ndio ngumi ifunguke, moyo upumzike, ujae damu tena. Kalisi ikikosa, cheche itakuja lakini ngumi haikunji. Ikizidi, moyo utabaki umekunja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haikosi na haizidi. Miaka kumi na tano."

Anasema hayo akiwa amepiga magoti, akisugua alama ya kiatu cha mtu.

Kuna jambo moja ambalo lazima lielezwe hapa, kwa sababu ndilo lililogeuzwa kuwa rungu la kumpigia. Zubeida ni Mwislamu, na katika mafunzo aliyolelewa nayo chura hauawi. Mwaka 1981 alikwenda kumuuliza sheikh wake kule Majengo. Sheikh alimwambia kwamba elimu ya kuokoa watu si haramu, lakini mkono wake yeye uwe mbali na kuua.

Basi wakapatana kazini. Muigai, ambaye kwao ni Murera na ndiye huleta vyura kutoka kwenye mashamba ya nduma ya kijito cha huko, hushika kisu. Zubeida hushika chumvi. Vyura huuawa nyuma ya pazia, na yeye hukabidhiwa moyo ukiwa tayari umetoka. Kwa miaka kumi na tano mpango huo haukumkera mtu.

"Sisi tulikuwa tunacheka tu," anasema Muigai. "Mimi namwambia, Mama Irshad, dhambi zote umeniachia mimi. Ananiambia nyinyi wa Murera mmezoea. Hakuna siku aliharibu kazi. Hata siku moja."

Zubeida alikuwa na desturi nyingine, aliyorithi kwa mzee Zacharia. Kabla ya darasa lolote, maji yalijaribiwa kwa moyo mmoja, jinsi mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua. Waliuita moyo wa kuonjea. Ukipiga sawasawa nusu saa, maji yanapita. Ukichoka, anarekebisha.

Desturi hiyo ilikuwa na maana zaidi kuanzia mwaka jana, kwa sababu chombo cha kalisi kilikuwa kimepasuka kifuniko. Chumvi ya kalisi ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Ukiiacha wazi wiki moja inalowa, ukiiacha mwezi inakuwa uji. Ukiipima ikiwa hivyo, mizani inakuonyesha uzito ule ule wa kitabuni, kumbe nusu yake ni maji.

Zubeida aliomba chombo kipya Septemba. Akaomba tena Januari. Maombi yote mawili yako kwenye daftari la stoo, kwa mwandiko wake, na mwandishi huyu ameyaona. Mbele ya kila ombi kuna neno moja: subiri.

Akasubiri, huku akiikausha chumvi kwenye oveni na kuonjea maji kila mara. Mambo yakaenda.

Kisha Machi ikaja na mtihani wa vitendo. Wanafunzi thelathini na wawili, vikundi vinane, mioyo minane. Asubuhi hiyo mkuu wa idara, aliyekuwa na miezi mitano tu chuoni, alimkuta Zubeida akimngoja Muigai atoe moyo wa kuonjea.

"Aliniuliza huu wa tisa ni wa nini," anakumbuka Zubeida. "Nikamweleza. Akasema hapa si jikoni, hakuna kuonja, tunafuata kitabu. Nikamwambia kalisi imelowa, kitabu hakijui hilo. Akazima oveni kwa mkono wake. Akasimama nyuma yangu mpaka nikapima, gramu moja nukta mbili kwa lita kumi, kama ilivyoandikwa. Nilijua inaenda kuharibika. Nilimwambia. Muigai alisikia."

Muigai anathibitisha kwamba alisikia. Anathibitisha pia kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, si kamati ya nidhamu ya chuo wala ofisi ya wafanyakazi.

Mioyo yote minane ilififia kabla ya robo saa. Mtihani ulihitaji saa moja na nusu. Darasa zima likaandikiwa sifuri katika karatasi hiyo, na kwa kanuni za chuo, anayeanguka karatasi ya vitendo anarudia mwaka mzima.

Baada ya siku tisa Zubeida akapokea barua. Ilisema alizidisha potasiamu kwa makusudi. Ikaendelea kueleza sababu, na maneno haya tunayanukuu kama yalivyo: "kwa kuwa imani yake inapinga matumizi ya vyura."

Hapo ndipo hasira inapompanda hadi sauti inashuka badala ya kupaa. "Miaka kumi na tano dini yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa imelala? Ilingoja siku ya mtihani ndio iamke?"

Mshahara wake ulishushwa kutoka shilingi 4,200 hadi 2,900 kwa mwezi. Nauli ya Thika hadi Ruiru haikushushwa. Lakini ukimuuliza kuhusu pesa anakukatiza. Kinachomuuma ni lile neno, makusudi.

Na je, potasiamu ilizidi? Swali hilo lina jibu, na jibu halihitaji kiapo cha mtu. Karatasi saba za masizi za siku ile zilichukuliwa na mkuu wa idara, na hadi leo hazijaonekana. Ya nane ilibaki kwa mwanafunzi aitwaye Nafuna, mzaliwa wa Bungoma, ambaye kikundi chake kilikuwa kimeshaipaka vanishi na kuikunja kwenye daftari lake kubwa.

Mwandishi huyu aliichukua karatasi hiyo kwa mhadhiri wa fiziolojia katika taasisi nyingine, asiyejua lolote kuhusu kisa hiki. Hakumwambia ilikotoka. Mhadhiri aliitazama kwa muda usiotosha kunywa funda la chai.

"Tazama mistari," alisema. "Umbali kati ya pigo na pigo haukubadilika mpaka mwisho. Kilichopungua ni urefu wa mistari yenyewe. Moyo ulikuwa ukipata amri lakini hauna nguvu ya kukunja. Hapa kalisi haikutosha. Potasiamu ingezidi, ungeona mapigo yakiachana, yanachelewa, halafu kimya. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hili."

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona. Mkuu wa idara, mwenye shahada mbili ukutani, hakuona. Au aliona, na ndiyo maana karatasi saba hazipo.

Tulipomfuata ofisini alisema kwamba hayo ni mambo ya ndani ya chuo na kwamba magazeti yana kazi nyingine za kufanya. Tulimuuliza kama ni kweli alizima oveni. Alituonyesha mlango.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa chuoni wameshika nusu ya kwanza tu ya methali.

Wiki iliyopita ofisi ya wafanyakazi ilimwita Zubeida na kumpa karatasi nyingine. Hii ilikuwa na lugha laini. Akikubali kosa kwa maandishi na kuomba radhi, atarudishwa maabara ifikapo Agosti, na mshahara wake utarudi ulipokuwa. Kuna mstari chini, mahali pa sahihi. Mwisho ni Ijumaa hii, saa nane mchana.

Ni mtego, na Zubeida ameuona. Akitia sahihi, kosa litakuwa lake daima, matokeo ya mtihani yatabaki yalivyo, na wanafunzi thelathini na wawili watarudia mwaka kwa uzembe wa mtu mwingine. Asipotia, huenda Jumatatu hata deki akanyang'anywa.

Aliyemshauri atie sahihi ni Nafuna mwenyewe. Alikuja Majengo Jumapili mchana, akakaribishwa chai na mahamri, akasema alilolijia kabla hata kikombe hakijapoa.

"Mama, weka tu sahihi," alimwambia. "Uko na watoto. Sisi tutarudia, ni mwaka mmoja tu. Mimi nimeongea na watu wa nyumbani, watauza ng'ombe."

Wote wawili wanasimulia kwa namna moja kilichofuata. Zubeida aliweka birika chini na kumkaripia binti wa watu, mgeni nyumbani kwake, jambo ambalo kwa kawaida hawezi kulifanya.

"Nilimwambia, wewe unasomea nini? Uuguzi. Siku moja utakuwa wodini, na mkubwa wako atakuambia piga mgonjwa huyu sindano ya potasiamu yote mara moja kwa mshipa. Na wewe unajua, kwa sababu mimi nilikuonyesha kwa macho yako, kwamba moyo utasimama hapo hapo. Mkubwa amekasirika. Una watoto nyumbani. Utapiga hiyo sindano?"

Nafuna alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka.

Jumanne alirudi korido ya maabara akiwa na orodha. Wanafunzi ishirini na sita kati ya thelathini na wawili wameandika majina wakitaka karatasi saba zitolewe, chumvi iliyobaki stoo ipimwe mbele yao na mtihani urudiwe. Muigai, ambaye ana mengi ya kupoteza, ameandika lake mwishoni na kueleza kuhusu oveni.

Ijumaa wataingia ofisini pamoja. Zubeida hajui kama atatoka akiwa na kazi, na hajifanyi kwamba haogopi. Usingizi, anasema, ameupoteza tangu Jumapili.

"Karatasi yao nitawarudishia," anasema, akichukua ndoo. "Hapo pa sahihi patakuwa peupe. Nikiweka jina langu hapo, huyo msichana nitakuwa nimemfundisha kupiga ile sindano."